Nilimwogopa Mwanangu kwa Sababu Alinenepa

Bwana asifiwe na kila mwenye pumzi ndani ya nyumba hii, ndugu zangu! Na hao wadogo mliowabeba nao wamsifu, hata wanaolia. Waacheni walie! Msiwatoe nje kwa ajili yangu. Mimi nimekaa na mtoto asiyelia, na kilio cha mtoto leo kwangu ni wimbo.

Kwa wasionijua, naitwa Dama, mama Sidi. Nimeolewa hapa Ganda, kwenye ule mji ulio nyuma ya mikorosho ukishapita kisima cha shule. Una nyumba tatu. Moja ni yangu na mume wangu Kazungu, anayefanya kazi ya chumvi Gongoni na kuja nyumbani Jumamosi. Ya pili ni ya shemeji yangu Charo na mkewe Mbeyu. Ya tatu, ile ndogo, ni ya mavyaa wangu, mama yao, ambaye sote tunamwita Hawe, kama wajukuu wanavyomwita nyanya yao kwa Kigiriama.

Miaka mitatu iliyopita mlinipigia vigelegele katika kanisa hili kwa kuwa Mungu alinipa mtoto njiti akaishi. Mkaniletea leso na sabuni. Nilizipokea nikanyamaza, maana mlijua nusu tu ya habari. Mtoto yule yule niliyemlilia wodini, nilikuja kumnyima ziwa kwa makusudi, siku mbili, huku maziwa yakinijaa. Leo nimekuja kuisema nusu iliyobaki. Hawe ameniruhusu nimtaje.

Mimba yangu ilikuwa ya miezi saba. Nilikuwa nimeketi uani namenya muhogo, chupa ya uzazi ikapasuka, maji yakanitiririka mpaka kwenye visigino. Nilipanda bodaboda nikiwa nimejifunga leso tatu. Tulipofika hospitali sikumaliza hata kusema jina langu, mtoto akaja. Kilo moja na gramu mia tatu. Wiki ile ile Mbeyu naye alijifungua, mimba yake imetimia, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, analia mpaka wapita njia wanageuka. Wakamwita Karisa.

Ndugu zangu, wangu hakulia. Alitoa sauti kama mlango unaofunguliwa polepole. Mtoto aliyetimia huja na mashavu, huja na mikunjo ya mapaja. Sidi hakuwa na mafuta mwilini hata ya kupaka ukucha. Ngozi yake ilikuwa nyekundu na nyembamba, unaiona mishipa inavyopita chini yake. Mabegani na mgongoni alikuwa na malaika, nywele laini kama za kipanya. Ukilikunja sikio lake linabaki limekunjika.

Na uso! Uso ule niliujua. Ulikuwa uso wa mama yangu mzazi, alivyokonda siku ile ya mwisho, tulipomfunga kidevu kwa kitambaa. Nilimtazama mtoto wangu wa saa moja, naye akafumbua jicho moja akanitazama kwa uso wa mama aliyekwisha kuzikwa.

Wodini tulikaa akina mama wanane, kila mmoja amemfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kama walivyotufundisha. Hapakuwa na kelele. Nesi alitwambia, "Watoto hawa wakati mwingine husahau kupumua. Ukiona amenyamaza sana, mguse wayo wa mguu. Mkumbushe." Hebu fikirini! Mtu amekuja duniani na bado hajaamua kukaa, na wewe mamake ndiye wa kumkumbusha kila mara.

Siku ya tano, saa sita mchana, jua kali dirishani, nilisinzia. Nikasikia sauti ya mama yangu karibu kabisa na sikio, kwa Kigiriama, ikiniambia nimkumbushe mtoto. Niliruka. Sidi alikuwa amelegea, midomo imekuwa ya zambarau. Nikampiga wayo kwa kidole, mara ya kwanza hakuna, mara ya pili hakuna, mara ya tatu akavuta pumzi kwa kishindo, mwili mzima ukatetemeka. Nilimuuliza jirani yangu, mama mmoja wa visiwani ambaye Kigiriama hakijui hata neno, nani aliyesema. Akasema, "Hakuna aliyesema, dada. Umeamka mwenyewe."

Nilimshukuru Mungu siku ile. Lakini hofu ina njia zake. Baadaye, nyumbani, ilinirudia kwa sura nyingine. Nilianza kujiuliza: kama mama alikuwa wodini, je, alibaki kule, au tulirudi naye?

Tulirudi baada ya wiki tano. Hawe alitupokea mlangoni. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu, anaona mwanga na vivuli tu, lakini mikono yake, ndugu zangu, wengi wenu mlio hapa ndiyo iliyowapokea mkizaliwa. Kila asubuhi aliwasha moto, akachemsha mafuta ya nazi kidogo, akatandika jamvi uani na kuwakanda watoto wawili. Kwanza Karisa. Kisha Sidi. Daima kwa mpangilio huo, kwa sababu, alisema, mpaka amalize na Karisa mikono inakuwa imepata joto la kumfaa huyu mdogo. Likumbukeni hilo, maana maneno mabaya yalianzia hapo.

Mwezi wa kwanza, wa pili, Sidi alikuwa akinyonya na kulala tu. Kisha akaanza kunenepa, na kunenepa kwake kukanitisha. Mashavu yalijaa, tumbo likawa na mkunjo, shingo ikapotea. Lakini mikono na miguu ilibaki myembamba. Nilipombeba nilihisi nimebeba mfuko wa uji ulioning'inizwa kwenye vijiti.

Na Karisa akaanza kukonda.

Sisemi aliugua mkaona. Hakuharisha, hakutapika. Alikuwa akinyonya kidogo, anaachia, anahema, jasho linamtoka kwenye paji la uso kama mtu mzima anayelima. Kisha anashika tena ziwa, anaachia tena. Mbeyu alijilaumu, akala mchicha, akanywa uji wa mtama. Maziwa alikuwa nayo tele. Hayakumfikia mtoto.

Siku moja, saa saba mchana, kila kitu kimetulia, hata kuku wamejificha kivulini. Mbeyu ameenda kisimani. Watoto wote wawili niliwalaza kwenye jamvi barazani, mimi nachambua mchele. Nikaona ukimya umezidi, nikainua macho. Karisa alikuwa usingizini, jasho linamtiririka mpaka masikioni, kifua kinapanda na kushuka mbio mbio. Na Sidi alikuwa macho. Amelala ubavu, amemkabili mwenzake, anamtazama bila kupepesa, na mdomo wake unanyonya. Hakuna ziwa, hakuna kidole. Ananyonya hewa. Anameza. Nilimwona koo likimeza!

Nilisimama mchele ukamwagika. Nikamgeuza Sidi upande wa pili. Akageuza kichwa, akamtafuta tena, akaendelea kunyonya.

Sikumwambia mtu. Lakini wiki hiyo tuliwapeleka wote zahanati kupimwa. Mzani mmoja, nesi mmoja. Karisa: kilo nne na gramu mia nne. Kadi yake ilionyesha kwamba mara iliyotangulia alikuwa na kilo nne na gramu mia sita. Sidi: kilo nne na gramu mia nne. Mara iliyotangulia alikuwa na kilo nne na gramu mia mbili. Nesi alishtuka, akamwambia Mbeyu ampeleke mtoto hospitali kubwa haraka, akamwandikia barua. Mbeyu alimpa Charo ile barua. Charo aliitia mfukoni.

Wiki mbili baadaye tulirudi. Karisa, kilo nne na gramu mia mbili. Sidi, kilo nne na gramu mia sita.

Nilipofika nyumbani nilizilaza kadi mbili kitandani, sambamba. Ndugu zangu, nambari zilikuwa zile zile! Zilikuwa zimebadilishana watoto. Alichopoteza mmoja, gramu kwa gramu, mwingine alikipata. Nilikaa pale mpaka mikono ikawa baridi katika joto lile la Ganda.

Sasa, Kilifi mjini kulikuwa na watu wanaochunguza jinsi watoto wanavyokua, waliozaliwa kabla ya wakati na waliotimia. Nesi wao mmoja, Zuhura, mwenyeji wa Mambrui, alikuwa ameniandikisha tangu wodini, nami nilikubali. Siku chache baada ya ile kliniki niliitwa Sidi akapimwe kwa mashine yao. Ni chombo cheupe, umbo la yai, kikubwa cha kumtosha mtoto, chenye dirisha la kioo. Mtoto huvuliwa nguo zote, huvishwa kofia ya kubana, hulazwa kwenye sinia, kisha sinia husukumwa ndani na mlango ukafungwa. Zuhura alinieleza kwamba mashine hupima hewa inayobaki kumzunguka, ikajua mwili una mafuta kiasi gani na nyama kiasi gani. Haiumizi, ni dakika mbili tu.

Dakika mbili zile zilikuwa ndefu kuliko uchungu niliomzaa nao. Mlango ulipofungwa, mlio wa pumzi zake ulikatika. Nilimwona tu, ndani ya yai, uchi, hana sauti. Hakulia. Aligeuza kichwa taratibu, akanitazama kupitia kioo, na akatabasamu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu tangu azaliwe. Lakini macho yake hayakuwa kwangu. Yalitazama kitu kilichokuwa juu ya bega langu la kushoto. Niligeuka. Palikuwa na ukuta mweupe tu.

Zuhura akasoma matokeo. "Mashallah, mafuta yamejaa! Yamezidi hata ya mtoto aliyetimia. Nyama ndiyo bado chache. Mafuta ameyapata upesi sana."

Nikamuuliza, "Ameyapata wapi?"

Akacheka, akidhani natania. Wakati huo huo akaitwa na mama mwingine. Akasema, "Nitakuja kwako Ganda wiki ijayo, nikueleze vizuri." Nikaondoka na maneno yale nusu nusu.

Hapa ndipo ulimi wangu ulipofanya dhambi. Nilimkuta Mbeyu uani, amempakata Karisa. Akaniuliza walisema nini. Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Mashine imesema Sidi ana mafuta kumzidi mtoto aliyetimia. Nyama yake mwenyewe hana."

Mbeyu alimtazama mwanawe. Mbavu zilikuwa zinahesabika. Akasema polepole, "Karisa wangu ndiye aliyetimia. Na mafuta yamemwisha. Dama, hayo ni ya nani?"

Sikumjibu! Na kutomjibu kulikuwa jibu.

Charo alisikia. Siku iliyofuata akavuka mto kwenda kwa mganga, na barua ya zahanati ikiwa bado mfukoni. Alirudi na neno moja tu: nyama ya mtoto inahama, na anayeihamisha ana mikono inayowagusa wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

Mganga hakutaja jina. Hakuhitaji. Asubuhi iliyofuata Hawe alitandika jamvi, akachemsha mafuta, akasubiri. Hakuletewa mtoto. Alikaa pale na bakuli magotini mpaka mafuta yakaganda. Akaita, "Mbeyu? Dama?" Tulikuwa ndani, kila mmoja kwake, tumeziba pumzi. Akasema kwa sauti, kwa wote, "Mpelekeni Karisa kwa daktari. Mikono yangu imesikia kitu kifuani mwake." Mlango wa Charo ukafungwa kwa kishindo.

Mnajua, ndugu zangu, mzee akishatajwa hivyo katika pwani yetu hii, mwisho wake huwa nini. Sina haja ya kuwaambia. Kuna makaburi hapa hapa tunayoyapita bila kuyatazama. Charo alianza kunoa panga. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, hapakuwa na cha kufyeka. Kila mchana, jua likiwa utosini, unasikia chuma kwenye jiwe, taratibu, kisha kimya, kisha tena.

Na mimi? Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Nilijiambia, ikiwa Sidi anakula kwa ziwa langu, nikimnyima atapungua. Ikiwa hatapungua, basi nitajua anakula wapi. Nilijifunga kifua kwa leso, nikaikaza. Maziwa niliyakamulia nyuma ya nyumba, kwenye shina la mgomba. Mtoto alinitafuta kwa mdomo shingoni, begani, akalia ile sauti yake nyembamba mpaka mchana. Nikamwekea tone la maji kwenye midomo, nikamlaza, nikakaa mbali naye, mgongo ukutani, nikimtazama. Nilikuwa nikimchunguza mwanangu kama mtu anavyomchunguza nyoka.

Siku ya pili hakulia. Alilala akinitazama tu. Utosi wake ukadidimia. Mashavu yakashuka. Na mchana ule, Mungu ni shahidi wangu, uso wa wodini ukarudi. Uso wa mama. Uliokwisha kuzikwa. Ulikuwa umekuja juu taratibu kutoka chini ya mafuta, kama kitu kinachopanda kutoka kisimani.

Nikasikia jiwe la kunolea limenyamaza. Halafu hatua za Charo zikipita mlangoni kwangu kuelekea kwa mamake.

Nilianguka magoti. Sikuwa na maneno mazuri. Nilisema, "Bwana, kama huyu si wangu mchukue, na kama ni wangu nipe kumtambua!" Nilingoja sauti. Haikuja sauti. Sidi alifungua mdomo, akaukunja alie, na hakuna kilichotoka. Basi. Na hapo hapo, bila mimi kutaka, maziwa yakanitoka. Yalipenya leso ile niliyoikaza, madoa mawili yakapanuka mpaka tumboni, yanachuruzika kwenye sakafu. Ndugu zangu, mwili wangu ulimtambua! Akili yangu ilikuwa imepotea, lakini ziwa lilijua mtoto ni wa nani!

Niliifungua leso kwa meno. Alikuwa hana nguvu ya kunyonya, nikamdondoshea kwa kidole, tone kwa tone, kama tulivyofanya wodini. Akameza. Nikatoka nje naye mbio, kifua wazi, naita, "Charo! Charo!"

Charo alikuwa amesimama mbele ya mlango wa mamake, panga mkononi. Hawe ametoka, amesimama kizingitini, ameinua uso kwenye jua. Alikuwa ameliona lile panga kama mng'ao tu. Mbeyu yuko nyuma, amembeba Karisa, analia bila sauti. Na hapo pikipiki ikaingia uani. Alikuwa Zuhura, na begi lake na mzani wake. Ile ndiyo siku aliyoniahidi, nami nilikuwa nimeisahau.

Alishuka, akaona panga, akaona kifua changu, nadhani akaelewa kila kitu na hakuonyesha. Alitembea moja kwa moja, akapita kati ya Charo na mlango, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," Hawe akasema. "Wewe ndiwe daktari? Usimtazame huyu mwenye panga. Nipe mkono wako."

Akaushika mkono wa Zuhura. Akaenda naye kwa kupapasa mpaka kwa Mbeyu, akauweka kwenye kifua cha Karisa, upande wa kushoto. "Bonyeza kidogo. Unamsikia? Kuna paka humo ndani. Anakoroma. Kila nikimkanda ninamsikia. Nimewaambia, nao wanasema ni mimi niliyemtia."

Zuhura alibonyeza. Akatoa kipimo chake, akakitia masikioni, akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika. "Huyu mtoto anakwenda hospitali sasa hivi. Moyo wake haupigi kama inavyotakiwa. Lau mikono ya bibi huyu ingesikilizwa, angekuwa ameshapelekwa." Kisha akanitazama mimi, akamtazama Sidi, akamgusa utosi. "Na huyu pia. Twende."

Charo aliuliza, "Si uchawi?" Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Kaka, mimi najua ninachokisikia hapa. Kaite bodaboda ya pili, twende sote."

Panga lilibaki kwenye mchanga.

Mungu ni mwema! Sidi alitiwa maji, akapewa maziwa yangu kwa mpira wa puani, na siku ya tatu akalia kwa nguvu mpaka nikacheka nikilia. Karisa walimpima moyo, wakakuta una tundu. Daktari alitueleza kwamba damu ilikuwa ikirudi ilikotoka, moyo na mapafu vinafanya kazi mara mbili, ndiyo jasho, ndiyo kuhema, ndiyo kuachia ziwa. Kila alichokula kilimalizwa na kazi ile. Mbeyu aliuliza, "Kwa hiyo aliyekuwa akimla ni nani?" Daktari akasema, "Ni moyo wake mwenyewe, mama."

Nami nilimvuta Zuhura kando nikaungama kila kitu, leso, mgomba, siku mbili. Hakunipigia kelele. Alikaa chini kwenye benchi la wodi akasema, "Mtoto hujiwekea mafuta akiwa tumboni mwa mamake, miezi ya mwisho, wa nane na wa tisa. Ndiyo nguo yake ya kuja nayo. Sidi alitoka kabla ya kuvishwa. Mwili wake ukakimbilia kujivisha kwanza, nyama na mifupa vikachelewa nyuma. Wengi waliozaliwa mapema huwa hivyo. Na kunyonya hewa, kila mtoto hufanya. Ameyapata wapi mafuta? Kwako, Dama. Yalitoka kwako." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Siku ile uliniuliza nami nikacheka. Nisamehe na mimi."

Zile nambari zilizobadilishana kadi, nilimwonyesha. Alisema ni sadfa. Sauti ya wodini sikumuuliza. Niliyoelezwa namshukuru Mungu kwayo, na nisiyoelezwa namwachia yeye. Hayaniamshi tena usingizini.

Kazungu alipokuja Jumamosi nilimwambia naye. Alitoka nje akatembea kati ya mikorosho mpaka jua likapungua, kisha akarudi, akamchukua Sidi mikononi, akasema, "Tusifichane tena." Karisa alipewa dawa akaongezeka uzito, na kabla ya kutimiza mwaka alipasuliwa Nairobi, tundu likazibwa. Ana kovu katikati ya kifua, na leo hakuna mkorosho asioupanda. Sidi mikono yake imejaa, anambeba paka wa jirani kama gunia.

Na Charo? Charo alirudi kutoka hospitali akampigia mamake magoti mchana kweupe, watu wote wa mji wanaona. Alilia. Hawe alingoja. Kisha akamwambia, "Inuka uniwashie moto. Mafuta yamelala siku nyingi." Charo akawasha moto. Akamshikia bakuli. Na tangu siku ile Karisa alipotoka wodini, kila asubuhi, yeye ndiye aliyemshikia mamake bakuli mpaka watoto wakaota meno.

Ndugu zangu, nimeokolewa! Mungu hakunitoa mtoni wala motoni. Alinitoa kwenye hofu yangu mwenyewe, iliyonikalisha ukutani nikimwangalia mwanangu akikauka. Alitumia mikono ya kikongwe asiyeona, tuliyotaka kuikata. Alitumia dada wa Mambrui anayesali Ijumaa. Jina la Bwana lihimidiwe!

Sasa ninasema na wewe mama uliye hapa leo. Huenda mtoto wako alizaliwa mdogo ukamwonea haya. Huenda anakua namna usiyoielewa, ananenepa upesi au anakonda bila sababu, na kuna mtu ameshakunong'oneza jina la mzee fulani. Usiende na mnong'ono huo nyumbani. Mtegemee Mungu, umpeleke mtoto apimwe, na uulize mpaka ujibiwe. Na ikiwa unamwogopa mtoto wako mwenyewe, ikiwa umefika mahali unamlaza na kukaa mbali naye, usione aibu kwangu. Mimi nilifika huko, nimerudi. Ibada ikiisha nitakuwa pale benchi la nyuma, karibu na Hawe. Njoo naye. Huna haja ya kusema neno. Tupe mtoto tumpakate, wewe upumzike.